Chuma Kilichokatika Usiku

Siku moja wakati wa masika, fundi wa kuchomelea alipewa kazi. Ndoano ya kuvutia tela la trekta ilikuwa imekatika. Wanakijiji walilihitaji tela hilo kubebea mahindi.

Fundi alitafuta kipande cha springi ya lori. Alijua kuwa springi ni chuma kigumu chenye nguvu. Alikikata kipande hicho, akakichomelea kwenye mkono wa tela. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Vijiti vyake vya kuchomelea vilikuwa ndani ya boksi lililolowa.

Kazi ilionekana nzuri. Fundi aligonga ndoano kwa nyundo, ikalia vizuri. Dereva wa trekta alitazama, akaridhika. Saa 12 jioni kila mtu alikwenda kwake.

Usiku jirani mmoja alisikia mlio mdogo: tak! Asubuhi watu waliona ufa mwembamba kando ya mahali palipochomelewa. Tela lilikuwa tupu. Halikuvutwa na trekta wala halikuguswa na mtu. Fundi aligonga ndoano mara moja tu, ikaanguka chini.

Maneno yakawa mengi. Wengine walisema fundi amewalaghai. Wengine walinong'ona kwamba amelogwa. Jioni ile, katika darasa la kisomo, mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hivi chuma kinaweza kukatika chenyewe kimelala?"

Nilimjibu, "Kinaweza, mzee. Tena sababu yake inajulikana."

Somo hili linaeleza sababu hiyo. Ndugu msomaji, soma polepole. Baada ya kusoma, jadilianeni darasani.

HIDROJENI NI NINI?

Hidrojeni ni gesi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ni nyepesi kuliko gesi nyingine zote.

Hatuioni hidrojeni, lakini iko karibu nasi kila siku. Maji yametengenezwa kwa hidrojeni na oksijeni. Kuni, mafuta, unga na hata miili yetu ina hidrojeni ndani yake. Betri ya gari inapochajiwa hutoa gesi hii. Hidrojeni hushika moto upesi sana. Ndiyo maana hatuwashi kiberiti karibu na betri inayochajiwa.

Vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Hakuna mtu anayeweza kuona atomu kwa macho yake. Atomu ya hidrojeni ni nyepesi kuliko atomu zote, nayo ni ndogo sana. Udogo huo ndio unaoiwezesha kuingia mahali ambapo vitu vingine haviwezi kuingia.

HIDROJENI HUINGIAJE NDANI YA CHUMA?

Tukitazama chuma, tunaona kitu kizima kisicho na tundu. Maji hayapiti. Hewa haipiti. Lakini hidrojeni hupita.

Hebu fikiri juu ya machungwa yaliyopangwa sokoni. Mwuzaji ameyapanga safu juu ya safu, yamegusana vizuri. Hata hivyo, kati ya chungwa na chungwa kuna nafasi ndogo. Ukimwaga punje za ulezi juu ya fungu hilo, punje zitapenya katikati ya machungwa mpaka chini.

Atomu za chuma zimepangwa kwa safu kama machungwa hayo. Atomu za hidrojeni ni kama punje za ulezi. Hupenya katika nafasi zilizo kati ya atomu za chuma. Huweza kukaa humo, na huweza kusogea kutoka nafasi moja kwenda nyingine.

Lakini kuna jambo moja la kujua. Hidrojeni ikiwa gesi, atomu zake hukaa mbili mbili zimeshikana. Zikiwa zimeshikana hivyo, haziingii. Ni lazima ziachane kwanza kwenye uso wa chuma. Ndipo huingia moja moja.

Mambo haya huzipa hidrojeni na chuma nafasi ya kukutana:

1. Tindikali. Chuma kikitiwa katika tindikali, mapovu hutoka. Mapovu hayo ni hidrojeni. Sehemu nyingine ya hidrojeni haitoki nje, bali huingia ndani ya chuma.

2. Kuliwa na maji. Chuma kinapoliwa kikiwa ndani ya maji, hidrojeni huweza kutokea kwenye uso wake na kuingia.

3. Umeme. Viwandani vyuma vingine hupakwa zinki au metali nyingine kwa njia ya umeme ndani ya maji yenye dawa. Hapo pia hidrojeni hutokea.

4. Moto wa kuchomelea. Moto huo ni mkali sana. Ukikuta unyevu, mafuta, rangi au kutu, huvunja vitu hivyo na kuiachia hidrojeni. Hidrojeni huingia katika chuma kilichoyeyuka.

METALI HAZIFANANI

Chuma, shaba, alumini na dhahabu zote huitwa metali. Lakini hazipokei hidrojeni sawasawa.

Kuna metali ya thamani kubwa iitwayo paladi. Mwaka 1866 mtaalamu Thomas Graham, aliyekuwa akifanya kazi London, Uingereza, alieleza kwamba paladi hunywa hidrojeni kwa wingi wa ajabu. Kipande cha paladi huweza kupokea hidrojeni yenye ujazo wa karibu mara 900 ya ujazo wake chenyewe. Ni kama debe moja lipokee gesi ya madebe 900. Kipande hicho huvimba kidogo, lakini hubaki kigumu.

Alumini ina tabia nyingine. Ikiwa imeyeyuka, hupokea hidrojeni. Ikiganda, karibu yote hukosa mahali pa kukaa. Inajaribu kutoka, lakini alumini inakuwa imeshaanza kuganda. Matokeo yake ni vitundu vidogo vidogo. Wanaosubu sufuria kwa alumini chakavu wanavijua vitundu hivyo. Mara nyingi vinatokana na unyevu au mafuta yaliyokuwa kwenye alumini chakavu au kwenye vyombo vya kazi. Alumini chakavu ikisafishwa na kukaushwa vizuri kabla ya kuyeyushwa, vitundu hupungua.

Chuma chetu cha kawaida hupokea hidrojeni kidogo tu. Mtu anaweza kudhani kuwa kidogo hakidhuru. Lakini katika vyuma vigumu sana, hata kidogo hudhuru. Gramu chache tu za hidrojeni katika tani nzima ya chuma kigumu huweza kuleta ufa. Gramu chache ni kama kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Basi fikiri kijiko hicho kimoja ndani ya tani moja!

ALIYEANDIKA KWANZA JUU YA JAMBO HILI

Mwaka 1875 kulitolewa maandishi ya Mwingereza mmoja aitwaye William Johnson. Alikuwa amefanya majaribio ya chuma na tindikali. Alichukua chuma kilichoweza kupindwa bila kukatika. Akakitia katika tindikali kwa dakika chache tu. Alipokitoa na kukipinda, kilikatika upesi.

Johnson aliona jambo jingine. Alipolowesha mahali palipokatika, mapovu madogo yalitoka ndani ya chuma. Aliona pia kwamba chuma kile kikiachwa kwa muda, nguvu zake hurudi polepole. Kikipashwa moto, hurudi upesi zaidi. Hivyo alitambua kwamba kuna kitu kilichoingia, na kwamba kitu hicho huweza kutoka. Kitu hicho kilikuwa hidrojeni.

Kuna funzo hapa kwetu. Watu wengine husafisha kutu kwa maji ya betri. Maji ya betri ni tindikali. Huunguza ngozi na macho. Tena huweza kuingiza hidrojeni katika chuma. Usisafishe springi, minyororo migumu au bolti ngumu kwa maji ya betri. Tumia brashi ya waya au msasa.

KWA NINI NDOANO ILIKATIKA USIKU?

Sasa turudi kwa fundi wetu. Tufuate hatua moja moja.

Kwanza, vijiti vyake vilikuwa na unyevu. Kila kijiti kimevikwa unga mgumu kwa nje. Unga huo hunyonya maji kutoka hewani, na zaidi wakati wa mvua. Fundi alipochomelea, moto uliyavunja maji hayo. Hidrojeni ikaingia katika chuma kilichoyeyuka.

Pili, chuma kilipoa. Unajua kwamba chai ya moto huyeyusha sukari nyingi kuliko chai baridi. Chuma nacho kikiwa cha moto sana huweza kushika hidrojeni nyingi. Kikipoa, huweza kushika kidogo tu. Hidrojeni iliyozidi hutafuta pa kwenda.

Tatu, springi si chuma laini kama bomba la kawaida. Ni chuma kigumu, yaani chuma cha pua. Chuma cha namna hiyo kikipashwa moto mkali halafu kikapoa upesi, hukakamaa zaidi. Wahunzi wanajua hivyo. Hutia panga la moto katika maji ili makali yake yawe magumu. Sehemu ya springi iliyo kando ya palipochomelewa ilipoa upesi, ikawa ngumu na rahisi kuvunjika kama kioo.

Nne, mahali pale palikuwa na mvutano. Chuma kikipoa hunywea. Sehemu moja ilitaka kunywea, lakini sehemu nyingine iliishikilia. Kwa hiyo ndoano ilikuwa inavutwa kwa ndani, ingawa tela lilikuwa tupu.

Tano, hidrojeni ilisafiri. Atomu zake zilisogea polepole mpaka mahali penye mvutano mkubwa. Huko zilikusanyika na kudhoofisha mshikamano wa atomu za chuma. Ufa mdogo ukaanza. Hidrojeni nyingine ikafuata kwenye ncha ya ufa. Ufa ukaendelea.

Safari hiyo huchukua muda. Ndiyo sababu jioni ndoano ilikuwa nzima, na usiku ikapasuka. Mara nyingine ufa hutokea baada ya saa chache. Mara nyingine hutokea baada ya siku moja au mbili.

Basi kumbuka mambo matatu: hidrojeni, chuma kigumu na mvutano. Yakikutana yote matatu, hatari ipo. Ukiondoa mojawapo, hatari hupungua sana.

HATA MADARAJA MAKUBWA

Msomaji asidhani kwamba jambo hili huwapata mafundi wa vijijini peke yao. Huko Marekani, katika jimbo la California, kuna daraja kubwa linalounganisha miji ya San Francisco na Oakland. Sehemu mpya ya daraja hilo ilijengwa kwa miaka mingi.

Katika sehemu moja wajenzi waliweka fimbo ngumu za chuma 96. Unene wa kila fimbo ulikuwa inchi 3. Fimbo hizo zilipakwa zinki zisipate kutu. Zilikaa kwa miaka katika mashimo yaliyotuama maji. Mwezi wa Machi mwaka 2013 zilikazwa kwa nguvu kubwa. Katika siku chache baada ya kukazwa, fimbo 32 zilikatika.

Wataalamu walichunguza. Waliyakuta mambo yale yale matatu. Chuma kilikuwa kigumu sana. Hidrojeni ilikuwa imeingia. Na fimbo zilikuwa zimevutwa sana. Ilibidi watengeneze njia nyingine ya kushikilia sehemu ile ya daraja. Hapakuwa na mtu aliyesema daraja limelogwa. Walitafuta sababu, wakaiona.

HIDROJENI INAYOSAIDIA

Si kila mara hidrojeni ndani ya metali huleta madhara. Binadamu amejifunza pia kuitumia.

Metali mbili au zaidi zikiyeyushwa pamoja hutoa metali mpya iitwayo aloi. Shaba nyeupe na shaba nyekundu ni mifano ya namna metali zinavyobadilika zikichanganywa na nyingine au zikiachwa peke yake. Chuma cha pua nacho ni aloi: ni chuma chenye kaboni kidogo.

Kuna aloi ya nikeli na metali iitwayo lanthani. Aloi hiyo hunywa hidrojeni kama sifongo inavyonywa maji. Tena huitoa ikipashwa joto kidogo au ikipunguziwa mgandamizo. Kwa hiyo huweza kutumika kama ghala la kuhifadhia hidrojeni. Gesi ambayo ingehitaji mtungi mkubwa hukaa ndani ya unga wa metali.

Aloi za jamaa hiyo hutumika katika betri ndogo zinazochajiwa upya. Ukipata betri ndogo ya namna hiyo, soma maandishi yaliyo juu yake. Ukiona herufi Ni-MH, ujue kwamba ndani yake mna nikeli na aloi inayohifadhi hidrojeni. Unapoichaji, hidrojeni huingia katika aloi. Unapowasha tochi, hidrojeni hutoka katika aloi, na umeme hupatikana. Betri kubwa za aina hiyo ziliwekwa pia katika gari la Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997.

Basi hidrojeni ni kama moto. Ukiwa jikoni, moto hupika. Ukiwa kwenye paa, huteketeza.

FUNDI AFANYE NINI?

Tela likikatika mlimani huweza kuua. Kwa hiyo fundi na mwenye chombo wafuate mambo haya:

1. Chagua chuma kinachofaa. Springi na ekseli si vyuma vya kuchomelea ovyo. Kwa ndoano ya tela, chuma laini kilicho kinene ni salama kuliko springi iliyochomelewa vibaya. Kikiwezekana kifungwe kwa bolti.

2. Soma boksi la vijiti. Namba zilizoandikwa zina maana. Vijiti vyenye namba 6013 hutumika sana kwa chuma laini. Vijiti vyenye namba 7018 vimetengenezwa ili vitoe hidrojeni kidogo. Lakini 7018 vikipata unyevu, faida hiyo hupotea.

3. Weka vijiti pakavu. Visikae sakafuni wala kwenye ukuta wenye unyevu. Chombo chenye mfuniko unaobana husaidia. Vikilowa, fuata maelezo ya boksi kuhusu kuvikausha. Kila aina ina kiwango chake cha joto. Kuvianika juani hakutoshi kwa vijiti vya 7018.

4. Safisha mahali pa kuchomelea. Ondoa maji, mafuta, rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Vitu hivyo vyote huweza kuleta hidrojeni.

5. Kama ni lazima uchomelee chuma kigumu, kipashe moto kwanza. Chuma kilichopashwa moto hupoa polepole, hakikakamai sana, na hidrojeni hupata muda wa kutoka.

6. Usimwagie maji ili kipoe upesi. Kifukie katika majivu makavu au mchanga mkavu, kipoe taratibu.

7. Subiri kabla ya kukabidhi. Katika kazi kubwa za vyuma vigumu, wakaguzi husubiri saa 48 kabla ya kukagua. Nasi tusione haya kusubiri. Baada ya muda huo, tazama vizuri kando ya palipochomelewa. Ukiona ufa hata mwembamba kama unywele, usiitumie kazi hiyo.

Na wewe mwenye tela, usimharakishe fundi. Ukimwambia, "Fanya upesi, naondoka sasa hivi," unamnyima muda ambao chuma chenyewe kinauhitaji.

MWISHO WA HABARI

Yule fundi alisikia somo hili. Hakuona aibu kuuliza. Siku ya pili alitengeneza ndoano nyingine kwa chuma laini kilicho kinene zaidi. Alisafisha, akatumia vijiti vikavu. Akamwambia dereva asubiri siku mbili. Dereva alinung'unika, lakini alisubiri.

Siku ya tatu waliikagua ndoano pamoja. Haikuwa na ufa. Tela likabeba mahindi mpaka ghalani.

Mzee aliyeuliza swali alisimama darasani akasema, "Kumbe fundi wetu hakuwa mwongo, wala hakulogwa. Ni maji ya mvua tu."

Nikamwambia, "Ndiyo, mzee. Lakini tusingejua kama usingeuliza."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni mambo gani matatu yakikutana huweza kupasua chuma?

2. Kwa nini ndoano haikukatika jioni ile ile?

3. Katika kijiji chenu, vijiti vya kuchomelea huwekwa wapi? Je, mahali hapo ni pakavu?

4. Nani kati yenu ana boksi la vijiti au betri ndogo ya kuchaji? Mlete darasani, msome pamoja maandishi yaliyo juu yake.

5. Je, umewahi kuona kitu kikiharibika, watu wakasema ni uchawi, halafu sababu yake ikajulikana? Waeleze wenzako.